Jibu la mgawanyo wa kijiometri limekataa? Anzia kwenye dalili

Fomula ya mgawanyo wa kijiometri ni fupi, na wanafunzi wengi wa takwimu, uchumi na bima hapa Nairobi wanaijua kwa kichwa. Hata hivyo makosa wanayokuja nayo ni yale yale kila muhula: jibu limepotea kidogo tu, jibu limepita 1, kompyuta inasema hivi na kitabu kinasema vile, au hesabu ni safi kwenye daftari lakini haikubaliani na yanayotokea kwenye steji. Nikiyafuatilia makosa hayo, fomula yenyewe mara nyingi haina neno. Kinachokosekana ni sentensi moja, iliyoandikwa kwa maneno, ya kusema ni kitu gani kinachohesabiwa. Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili unayoiona, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kwanza tuwekane sawa. Unarudia jaribio lile lile mpaka upate unachokitaka kwa mara ya kwanza. Uwezekano wa kupata ni p, wa kukosa ni q, na q = 1 − p. Ukihesabu majaribio yote pamoja na lile la mwisho ulilopata, idadi hiyo ndiyo X, nayo huanzia 1. Uwezekano kwamba X ni namba fulani k ni:

P(X = k) = q^(k−1) × p

Wastani wake ni 1/p na variansi, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, ni q/p². Iko fomula nyingine ambayo ningependa kila mwanafunzi aishike kabla ya hiyo: P(X > k) = q^k. Haihitaji kukaririwa, kwa sababu kulipita jaribio la k bila kupata ni kukosa mara k mfululizo, basi.

Haya yote yanasimama juu ya masharti ya majaribio ya Bernoulli, yaliyopewa jina la Jakob Bernoulli wa Uswisi: kila jaribio lina matokeo mawili tu, p haibadiliki, na jaribio moja haliathiri jingine. Tutayahitaji masharti hayo sana huko mbele, kwenye dalili ya saba.

## Dalili ya 1: Jibu langu limekaribia la kitabu, lakini si lenyewe

Chukua ludo. Kete haitoki nyumbani mpaka dadu ilete sita. Uwezekano wa sita ya kwanza kuja kwenye mtupo wa nne ni (5/6)³ × 1/6 = 0.0965. Wewe una 0.0804.

Kabla ya kufuta chochote, gawanya jibu dogo kwa kubwa. 0.0804 ÷ 0.0965 ni 0.833, yaani 5/6, yaani q yenyewe. Ukikuta q, chanzo kimejulikana: katika mojawapo ya majibu hayo mawili kuna kukosa kumoja kulikozidi.

Mara nyingi sana hali hiyo hutokana na kuwapo kwa hesabu mbili zenye jina moja. Vitabu vingine huhesabu majaribio yote (X, kuanzia 1). Vingine huhesabu kukosa tu kabla ya kupata (Y, kuanzia 0), na hapo P(Y = k) = q^k × p, wastani ukiwa q/p. Kwenye ludo, wastani wa mitupo ni 6 na wastani wa kukosa ni 5. Zote mbili ni sahihi, na wastani wao hutofautiana kwa 1 kamili siku zote. Variansi haitakusaidia kuzitofautisha, maana ni 30 kwa zote mbili. Dawa ni kuandika juu ya ukurasa: "X ni idadi ya mitupo, pamoja na ule ulioleta sita," au "Y ni idadi ya mitupo iliyokosa." Ukishaandika hivyo, tarakimu ya kipeo hujiweka yenyewe.

Chanzo cha pili ni programu za kompyuta, ambazo nazo hazikubaliani. R huhesabu kukosa, kwa hiyo mtupo wa nne ni `dgeom(3, 1/6)`. Maktaba ya SciPy ya Python huhesabu majaribio, kwa hiyo mtupo ule ule ni `geom.pmf(4, 1/6)`. Excel haina fomula yake maalumu ya kijiometri; unatumia `NEGBINOM.DIST(3,1,1/6,FALSE)`, ambapo 3 ni idadi ya kukosa na 1 ni idadi ya kupata. Ukikutana na programu usiyoijua, iulize uwezekano wa 0. Ikikujibu p, inahesabu kukosa. Ikikujibu 0, inahesabu majaribio. Jambo hilo hilo linahusu namba za kubahatisha: `rgeom` ya R inaweza kukuletea 0, lakini `geometric` ya NumPy haishuki chini ya 1.

Chanzo cha mwisho, ambacho ni nadra zaidi, ni kukadiria desimali mapema. Ukitumia 0.83 na 0.17 mahali pa 5/6 na 1/6 utapata 0.0972. Baki na sehemu mpaka hatua ya mwisho.

Simama hapa kama namba zenyewe zimetoka kwenye ripoti ya kazini na aliyeiandika hakueleza anahesabu nini. Usichague toleo kwa kukisia lipi linaonekana zuri. Mtafute umwulize.

## Dalili ya 2: Jibu limepita 1, ni hasi, au ni kubwa mno

Kipimo cha haraka: katika mgawanyo huu, tokeo lenye uwezekano mkubwa kuliko yote ni kupata kwenye jaribio la kwanza, nao ni p. Kutoka hapo kila hatua hushuka. Basi P(X = k) yoyote inayozidi p ni kosa, hata kama iko chini ya 1. Wengi husubiri jibu lipite 1 ndipo washtuke, kumbe lilikuwa limeharibika zamani.

Mabano ndiyo mkosaji mkuu. Tuseme p ni 0.2 na k ni 4. Sahihi ni (1 − 0.2)³ × 0.2 = 0.1024. Ukiingiza 1 − 0.2³ × 0.2 bila mabano, kikokotoo kitapandisha kipeo kwanza, kitazidisha, halafu kitatoa kwenye 1, na kukupa 0.9984. Kikokotoo hakijakosea, kimefanya ulichokiandikia. Tafuta q peke yake kwanza, iandike, ndipo uendelee.

Linafuata kosa la asilimia. Ukiweka 25 mahali pa 0.25, q inakuwa −24, na majibu yataruka kati ya hasi na chanya kila k ikiongezeka.

Kubadilishana kwa p na q hujificha zaidi, kwa sababu jibu hubaki dogo. Kwa mfano wetu utapata 0.2³ × 0.8 = 0.0064. Dalili yake ni kwamba uwezekano unakufa upesi mno ukisogeza k. Hapo rudi usome swali upya. Swali likisema asilimia 30 ya matatu zinazopita zimejaa, na wewe unatafuta kiti, p yako ni 0.7. Mtungaji ametaja upande wa kukosa, na hakuna sheria inayomzuia.

## Dalili ya 3: "Angalau", "zaidi ya", "kabla ya" zinanipoteza kwa hatua moja

Uko mtaa wa Roysambu asubuhi, unaelekea tao, yaani mjini. Tuseme kila matatu inayofika ina uwezekano wa 0.25 wa kuwa na nafasi. Maswali manne yanayofanana yana majibu tofauti:

P(X > k) = q^k
P(X ≥ k) = q^(k−1)
P(X ≤ k) = 1 − q^k
P(X < k) = 1 − q^(k−1)

Sishauri kuyakariri manne. Jiulize swali moja tu: ili jambo hili litokee, ni lazima nikose mara ngapi mfululizo? Idadi hiyo ndiyo kipeo. Kupanda "angalau ya nne" kunahitaji ukose tatu za mwanzo: 0.75³ = 0.4219. Kupita "zaidi ya nne" kunahitaji ukose zote nne: 0.75⁴ = 0.3164. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni 0.1055, ambayo ni uwezekano wa kupanda ya nne hasa. Toa moja kwa nyingine kila unapokuwa na shaka; ukipata P(X = k), umeelewa.

Kwenye masafa, kwa mfano kuanzia matatu ya tatu hadi ya sita, kosa la kawaida ni q³ − q⁶. Hapo umeitupa ya tatu. Kuifikia ya tatu kunahitaji ukose mara mbili tu, kwa hiyo ni q² − q⁶ = 0.5625 − 0.1780 = 0.3845.

Ukijikuta unajumlisha vipande kumi na viwili kimoja kimoja, jibu linaweza kuwa sahihi, lakini muda wa mtihani unaisha. Fomula ya q^k inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja.

Kuna maneno ambayo kweli hayako wazi, kama "baada ya matatu nne". Je, ya nne imo au haimo? Darasani, mwulize mwalimu. Kwenye mtihani, andika umeelewa vipi, kisha uhesabu kwa maana hiyo.

## Dalili ya 4: Jibu langu ni mara mbili, tatu au nne ya jibu sahihi

Gawanya tena. Kama umepata 0.3858 na kitabu kina 0.0965, uwiano ni 4, na 4 ndiyo k yako. Umetumia mgawanyo wa binomia. Umehesabu uwezekano wa kupata sita moja popote ndani ya mitupo minne, ilhali swali lilitaka sita ya kwanza ije mwisho. Jiulize ni nani aliyeamua idadi ya majaribio. Ikiwa idadi ilipangwa kabla ya kuanza, ni binomia. Ikiwa tokeo lenyewe ndilo linalokusimamisha, ni kijiometri.

Kama swali linasubiri sita ya pili au ya tatu, umevuka kwenda kwenye mgawanyo wa binomia hasi. Sita ya pili kuja kwenye mtupo wa nne ni 3 × (1/6)² × (5/6)² = 0.0579. Hiyo 3 inatokana na ukweli kwamba sita ya kwanza ingeweza kukaa kwenye mtupo wowote kati ya mitatu ya mwanzo, lakini ya pili imefungwa mahali pake.

Na kama swali ni la kukusanya nyuso zote sita za dadu, hapo una migawanyo ya kijiometri iliyofuatana, kila mmoja na p yake: 1 + 6/5 + 6/4 + 6/3 + 6/2 + 6/1 = 14.7. Napenda kuwaonyesha watu kipande cha mwisho cha jumla hiyo. Uso mmoja uliobaki hula wastani wa mitupo 6 peke yake, zaidi ya theluthi ya kazi nzima.

## Dalili ya 5: Wastani ni 4, mbona wengi wanapata mapema zaidi?

Hakuna kilichoharibika. Mgawanyo huu una mkia mrefu upande wa kulia, na watu wachache waliosubiri sana huvuta wastani juu. Kwa p = 0.25 wastani ni 4, lakini asilimia 57.8 ya watu watakuwa wamepanda kufikia matatu ya tatu, kwa hiyo mediani, yaani namba ya katikati, ni 3. Modi, yaani tokeo lenye uwezekano mkubwa kuliko yote, ni 1, kama ilivyo kwa p yoyote. Mkengeuko sanifu, yaani mzizi wa variansi, ni 3.46, karibu sawa na wastani wenyewe, na hiyo inakuambia usimwahidi mtu kwamba atapanda ya nne.

Chanzo cha hatari zaidi ni kuuchukua wastani kama hakikisho. "Kasoro ni moja katika mia, kwa hiyo nikikagua mia nitaipata." Si hivyo. 1 − 0.99¹⁰⁰ ni 0.634. Kuna zaidi ya nafasi moja katika tatu ya kukagua vipande mia na usione chochote. Kwa p yoyote ndogo, uwezekano wa kupata kufikia jaribio la 1/p huzunguka asilimia 63.

Ukitaka uhakika wa asilimia 95, tafuta n ndogo kabisa inayofanya 0.99^n isizidi 0.05. Hapa ndipo dalili nyingine huzaliwa: jibu linatoka likisema n iwe chini ya 298, jambo lisiloingia akilini, kwa kuwa ukikagua vichache zaidi huwezi kuwa na uhakika zaidi. Chanzo ni logariti. Logariti ya 0.99 ni hasi, na ukigawanya kwa namba hasi ishara ya kutolingana hugeuka. Sahihi ni n ≥ 298.07, yaani 299. Panda juu kila mara, hata desimali ikiwa ndogo namna hiyo, maana 298 haifiki. Kwenye ludo, hesabu hiyo hiyo inatoa mitupo 17, wakati wastani ni 6. Kwa kukadiria haraka, chukua 3/p. Inatosha kujua kama umepotea.

Simama hapa kama unachokagua ni dawa, vyakula, vifaa vya umeme au mitungi ya gesi. Hiyo 299 imesimama juu ya dhana kwamba kasoro hazikai pamoja kwenye shehena moja, na viwandani mara nyingi hukaa pamoja. Mpango wa ukaguzi wa vitu vinavyoweza kuumiza watu upangwe na mtaalamu wa udhibiti wa ubora, kwa viwango vinavyokubaliwa na Shirika la Viwango la Kenya.

## Dalili ya 6: "Nimekosa mara kumi, sasa lazima ije"

Kwenye mtihani dalili hii huonekana hivi. Swali linasema mchezaji ameshatupa mara kumi bila sita, tafuta uwezekano kwamba atahitaji zaidi ya mitupo mitano mingine. Mwanafunzi anaandika (5/6)¹⁵ = 0.0649. Sahihi ni (5/6)⁵ = 0.4019.

Ile 0.0649 ni jibu la mtu ambaye hajaanza kutupa. Mchezaji wetu ameshayapita yale kumi, hayana tena la kuamua. Kwa fomula, P(X > 15) ÷ P(X > 10) = q¹⁵ ÷ q¹⁰ = q⁵. Hii ndiyo sifa ya kutokuwa na kumbukumbu, na kati ya migawanyo ya namba nzima, kijiometri peke yake ndiyo yenye sifa hiyo. Wastani wa mitupo iliyobaki bado ni 6, kwa hiyo jumla inayotarajiwa sasa ni 16. Mtu akikwambia wastani ni 6 na ameshapita, basi "deni" limebaki hasi, mwonyeshe mgawanyo huo wa vipeo taratibu. Hesabu hiyo ikieleweka, imani ile huondoka.

Mwaka 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilisimama kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walipoteza fedha nyingi kwa kuweka kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa ni zamu yake. Gurudumu halikuwa na zamu.

Naliandika hili nikijua vijana wangapi mjini wanashika simu wakidabo dau baada ya kila hasara. Fanya hesabu yenyewe. Anza na shilingi 50 na udabo kila unaposhindwa. Baada ya kushindwa mara saba umepoteza shilingi 6,350, na dau la nane ni 6,400, ili hatimaye upate faida ya shilingi 50. Hata mchezo ungekuwa wa haki kabisa, p ikiwa 0.5, kushindwa mara saba za mwanzo hutokea mara moja katika 128. Kwa mtu anayecheza kila siku, hilo ni jambo la kutarajiwa. Na mchezo wa kamari haumpi mchezaji bei ya haki.

Simama hapa kama pesa unayodabo ni ya kodi ya nyumba au ya karo, au kama umeshindwa kuacha. Fomula haitakutoa hapo. Zungumza na mshauri nasaha au daktari, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani.

## Dalili ya 7: Hesabu ni sahihi, lakini data inakataa

Hii ndiyo dalili ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu hapa kosa liko kwenye masharti na si kwenye hesabu.

Anza na swali jepesi: je, unarudisha ulichotoa? Uko soko la mitumba la Gikomba, kwenye rundo la mashati 20 lenye kamera 4, yaani mashati manne bora. Unavuta moja moja bila kurudisha. Kamera ya kwanza kuja kwenye shati la tatu ni 16/20 × 15/19 × 4/18 = 0.1404, ilhali kijiometri ingesema 0.128. Wastani wa kweli ni (20 + 1)/(4 + 1) = 4.2, si 5. Tena hapa kuna kikomo: kufikia shati la 17 ni lazima kamera moja iwe imetoka. Kijiometri haina kikomo chochote. Lakini rundo likiwa la mashati 2,000 lenye kamera 400, wastani ni 4.99 na tofauti haionekani. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukivuta chini ya sehemu moja ya kumi ya rundo, unaweza kuendelea na kijiometri.

Soja (mlinzi) wa ploti mwenye funguo nane na kufuli moja yuko kwenye hali hiyo hiyo. Akizijaribu kwa mpangilio, kila nafasi ina 1/8 na wastani ni 4.5. Akichanganya na kurudia zile zile gizani, wastani ni 8, na hiyo ndiyo kijiometri.

Halafu angalia kama p inabadilika. Pale Roysambu, p ya saa kumi na mbili asubuhi si ya saa moja na nusu. Tena matatu haziko huru: moja ikibeba watu wengi, inayoifuata nyuma hukuta steji imepungua. Gawa data kwa saa kwanza. Mara nyingi kila kipande hukaa vizuri peke yake.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowapotosha hata watu wazoefu: p tofauti kwa watu tofauti. Wakala wa bima anapiga simu kwa kila mteja mpaka ashike. Tuseme nusu ya wateja hushika kwa uwezekano wa 0.5, na nusu kwa 0.1. Wastani wa p ni 0.3, kwa hiyo anatarajia simu 3.33 kwa mteja. Ukweli ni (2 + 10)/2 = 6. Na sifa ya kutokuwa na kumbukumbu inavunjika: mteja ambaye hajashika mara tano ana uwezekano wa 0.12 tu wa kushika ya sita, kwa sababu karibu kila aliyebaki ni wa kundi gumu. Ukipanga data yako kwa hatua na kuona uwiano wa waliopata kati ya waliobaki unashuka kila hatua, umepata mchanganyiko wa makundi. Mstari huo ukibaki tambarare, kijiometri inafaa.

Hesabu hii ina uzito kwenye maisha ya watu. Wanandoa wanaotafuta mtoto huambiwa wavumilie, kwamba kila mwezi ni bahati mpya. Hilo lingekuwa kweli kama p ingekuwa moja kwa wote, na haiko hivyo. Miezi inayopita bila mimba ni habari. Ndiyo sababu madaktari wana mipaka: miezi 12 ya kujaribu bila kinga, au miezi 6 kama mwanamke ana miaka 35 na zaidi. Mkifika hapo wekeni fomula kando mkamwone daktari, wote wawili.

## Dalili ya 8: Nimekadiria p kutoka kwa data, imetoka kubwa mno

Watu watatu walitupa dadu mpaka sita, wakahitaji mitupo 1, 4 na 10. Anayegeuza kila moja kuwa 1/k na kutafuta wastani anapata 0.45. Kadirio sahihi ni idadi ya kupata kugawanywa kwa majaribio yote: 3/15 = 0.2. Yule aliyebahatika mtupo wa kwanza amepewa uzito wa 1 nzima katika njia mbaya, na ameiburuta p juu.

Chanzo cha pili ni kuwafuta walioacha njiani. Kama kulikuwa na mtu wa nne aliyetupa mara tisa akaondoka bila sita, mitupo yake tisa inaingia chini ya mstari na hakuna kinachoongezeka juu: 3/24 = 0.125. Ukimfuta, umebaki na waliofanikiwa peke yao, na p itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Kwa data ndogo kiasi hiki usitegemee tarakimu ya pili ya desimali. Na kama p hiyo inakwenda kupanga bei ya bima, kuamua nani apewe mkopo, au kutathmini matibabu, ipeleke kwa mtakwimu au aktuari (mtaalamu wa hesabu za bima). Idara za takwimu za vyuo vikuu vya mjini ni mahali pazuri pa kuanzia kumtafuta. Usimpelekee wastani tu. Mpelekee orodha nzima mstari kwa mstari, ikionyesha kila mtu alijaribu mara ngapi, lini, na ni nani ambao hawajapata mpaka leo.